Talon kwenye steshenari yangu: miezi minane ya kuiamuru kompyuta kwa mdomo

Kwa miaka 14 nimekula kwa vidole vyangu. Duka langu liko Morogoro mjini, chumba kimoja chenye kompyuta tatu, mashine ya kopi na printa mbili. Tunachapa, tunaprinti, tunabaindi, na msimu wa maombi ya bodi ya mikopo ukifika foleni inatoka hadi barazani. Mwaka jana vidole vitatu vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi usiku. Nikadhani nimeulalia mkono. Baada ya miezi miwili nikawa nadondosha vikombe. Daktari aliniambia mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiungo cha mkono umebanwa, akanipa kifaa cha kuufunga mkono wakati wa kulala, akasema nipunguze kuchapa. Mchapaji akipunguza kuchapa, watoto wake watakula nini?

Aliyenionyesha njia ni mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni. "Mamdogo," akasema, "kuna watu wanaandika programu nzima bila kugusa kibodi." Nilimwambia aache utani. Hakuwa anatania, na niliyoishia nayo ni Talon, programu ya kuiamuru kompyuta kwa sauti. Naandika haya kwa ajili ya wachapaji wenzangu, hasa kina mama wa steshenari, ambao najua wanaamka usiku wakikung'uta mikono kama nilivyokuwa nakung'uta mimi.

Nianze na jambo lililonipotezea wiki mbili. Nilidhani nitaongea Kiswahili, kompyuta itaandika Kiswahili, kazi imekwisha. Kumbe kuongea ikaandika ni jambo moja, na kuiamuru ikatenda ni jambo lingine, na programu inayoweza la kwanza si lazima iweze la pili. Kuandika Kiswahili kwa sauti, Google wanayo huduma hiyo tangu Agosti 2017. Ukifungua Google Docs ndani ya Chrome unachagua Kiswahili cha Tanzania, unaongea, maneno yanaingia. Inataka bando, na majina ya watu sharti uyapitie moja moja, lakini maneno yanaingia. Ila inaandika tu. Ukitaka kukoza kichwa cha habari, kwenda mwisho wa ukurasa au kupanga namba, amri za sauti za Docs ziko kwa Kiingereza pekee, na lugha ya akaunti pamoja na ya waraka lazima iwe Kiingereza. Kwa hiyo mdomo unaandika, halafu mkono ule ule mbovu unarudi kazini kupanga.

Nikachukua daftari, nikaandika kila kazi iliyopita mezani kwangu kwa wiki moja. Mikataba ya pango. Hati za kiapo. Barua za maombi ya kazi. CV. Barua za kuomba ruhusa ya kukusanya data za utafiti. Nilipoitazama orodha ile nikaona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu miaka yote: sehemu kubwa ya ninachochapa nimeshakichapa jana. Ni "Husika na kichwa cha habari hapo juu" mara tano kwa siku. Ni "ambaye katika mkataba huu atajulikana kama Mpangishaji". Ni "ninaapa na kuthibitisha kama ifuatavyo". Maneno hayo hayadai kompyuta inayojua Kiswahili. Yanadai kompyuta inayosikia neno moja na kubandika aya nzima, niliyoiandika mwenyewe siku ambayo mkono ulikuwa na nafuu. Hapo ndipo nilipoacha kutafuta programu ya imla nikaanza kutafuta programu inayokubali kufundishwa amri zangu.

Ya kwanza ilikuwemo tayari ndani ya laptopu yangu. Windows 11 ina kitu kinaitwa Voice Access. Unakiwasha kwenye mipangilio, sehemu ya Accessibility, kisha Speech. Kinapakua lugha mara moja tu, baada ya hapo hakihitaji intaneti. Ukisema "show numbers", kila kitufe kwenye skrini kinavaa namba, unataja namba, kinabonyezwa. Siku ya kwanza nilifungua Word, nikachagua faili na kuliprinti mikono ikiwa mapajani, na siwezi kueleza nilivyojisikia. Tangu 2024 kinakuruhusu pia kutunga amri zako. Unajaza fomu: jina la amri, kisha kitendo, kama vile kufungua faili au tovuti, kubandika maandishi, kubonyeza vitufe. Kwa mtu asiyetaka kuhangaika, aanze hapo na huenda asihitaji kingine. Mimi niliishia njiani kwa sababu mbili. Kompyuta zangu mbili kati ya tatu ni za Windows 10, na Voice Access hakimo humo. Ya pili, fomu ile inataka kila amri peke yake. Nikiwa na wilaya saba natunga amri saba, nikiwa na aina nne za barua natunga nne nyingine, na kuzirekebisha ni kufungua fomu moja baada ya nyingine.

Kuhusu Dragon, programu ya kulipia ya kuongea na kompyuta ambayo watu wengi huitaja kwanza, nitasema moja tu: nilipotazama, toleo la Professional 16 lilikuwa linauzwa dola 699. Kwa duka la kopi za shilingi mia sikuwa na sababu ya kuendelea kusoma.

Talon ni ya bure. Aliyeitengeneza ni Ryan Hileman, fundi wa programu aliyeacha kazi mwaka 2017 kwa sababu ya maumivu makali ya mikono. Hili lina uzito kwangu. Unapoitumia unaona imetungwa na mtu anayejua mbofyo mmoja wa mausi unagharimu nini. Inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, na kwenye Windows 10 zangu imekubali bila neno. Lipo toleo la majaribio linalolipiwa kwa wanaotaka vipya mapema. Mimi natumia la bure. Ukiisakinisha, unabofya alama yake karibu na saa, unapakua injini ya kusikia inayoitwa Conformer, na kuanzia hapo sauti yako haitoki nje ya kompyuta. Hilo ni muhimu kwa hati za kiapo, kwani watu hutuletea siri zao.

Sasa kitu ambacho wengi watakutana nacho na kurudi nyuma: Talon ikiwa peke yake haijui lolote. Lazima uiwekee seti ya amri. Ipo iliyotungwa na watumiaji wenyewe, inaitwa community, unaipakua na kuiweka ndani ya folda ya "user". Hapa mwanangu yule alinisaidia. Mtu asiyezoea mafolda atahitaji msaada wa saa moja, nasema wazi. Baada ya saa hiyo, kutunga amri ni rahisi kuliko kutengeneza jedwali kwenye Word. Unafungua faili la maandishi matupu kwa Notepad, unalihifadhi kwa kiishio cha .talon, na ndani unaandika hivi:

husika barua: "Husika na kichwa cha habari hapo juu."
(hifadhi | hefathi): key(ctrl-s)

Kushoto ni unachosema, kulia ni kinachotendeka. Ukihifadhi faili, amri inafanya kazi papo hapo, huzimi wala kuwasha chochote. Juu ya faili unaweza kutaja programu gani amri hizo zihusike nayo, ukaweka kistari chini yake, na hapo amri za Word zinasikika ndani ya Word tu. Kuna atakayeniuliza mbona Word ina AutoText siku zote. Ndiyo, lakini AutoText unaiita kwa vidole, na haikufuati ukiwa kwenye fomu ya tovuti. Hii inafanya kazi popote kishale kinapowaka.

Mstari wa pili hapo juu ndio ulionipa raha kuliko yote. Talon inasikia kwa masikio ya Kiingereza. Ila haisikilizi kila neno lililopo duniani: inasikiliza amri zilizomo kwenye mafaili yako, na kuchagua inayofanana zaidi na ulichosema. Kwa hiyo neno la Kiswahili linaweza kupita, mradi ulifunge kwa tahajia ambayo sikio la Kiingereza litaitambua. Kile kistari kilichosimama kati ya maneno kinamaanisha "au". Unaandika neno kama tunavyoliandika sisi, kisha unaliandika tena kama Mwingereza angelisoma. Kwangu "mkataba pango", "kiapo kipya", "rudi nyuma" na "mwisho kabisa" zilikubali mara moja. "Hifadhi" ilitaka tahajia ya pili. Maneno yenye "gh" na yenye ng'ong'o, kama "ghairi" na "ng'oa", yalinishinda nikayaacha, nikatumia "tangua" na "ondoa hiyo". Nilikaa jioni tatu nikijaribu neno moja moja, mlango umefungwa, na nilifurahi kama mtoto. Kuna heshima fulani katika kumwambia mtumishi maneno ya nyumbani kwako naye akaelewa.

Kwenye majina ya amri ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Amri ya kuchapisha niliiita "print", neno moja, fupi, la Kiingereza, nikiamini ndilo litasikika vizuri zaidi. Lilisikika vizuri mno. Katika steshenari neno hilo linasemwa kutwa nzima: dada naomba uniprintie, bei ya kuprinti kurasa kumi ni ngapi, umeshaprinti? Asubuhi moja nilikuwa namjibu mwanafunzi huku ripoti ya mteja mwingine imefunguka kwenye skrini, na printa ikaanza kutema karatasi. Kurasa 40 za rangi. Nililipa mwenyewe. Tangu siku hiyo kila amri yangu inayogharimu kitu ina maneno mawili ambayo hayakutani katika mazungumzo ya kawaida. Kuprinti ni "toa karatasi". Kufunga bila kuhifadhi nimeinyima amri kabisa. Na mteja akisimama mbele yangu, jambo la kwanza ni "talon sleep": inalala, haisikii kitu mpaka niseme "talon wake". Mchapaji mwenye duka lazima ajizoeze hili mpaka liwe kama kufunga breki.

Maiki ni nusu ya kazi. Ile ya ndani ya laptopu inasikia bodaboda, feni na redio ya kinyozi jirani. Hedfoni ya kwanza niliyonunua kwa 15,000 ilikuwa na mvumo, Talon ikawa inasikia amri pale nilipokuwa kimya. Ya pili ni ya waya wa USB, maiki yake inakuja hadi karibu na mdomo, nilitoa 60,000. Mvua ikipiga bati bado napumzika. Hakuna maiki ya bei yangu inayoshinda mvua ya masika ya Morogoro.

Orodha nazo zinastahili aya yao. Tuseme natunga hati ya kiapo, na ndani yake lazima niseme mtu ni mkazi wa wilaya gani. Talon inakubali faili la pekee lenye orodha: kushoto neno ninalotamka, kulia maandishi kamili. Nikisema "mkazi kilosa" inaandika "mkazi wa Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro". Mvomero, Gairo, Ulanga, Malinyi, zote ziko humo, na amri ni moja tu. Orodha mpya inataka itangazwe kwanza kwa mistari mitatu ya Python, lugha ya kuandikia programu. Mwanangu aliniandikia ya kwanza, na nyingine zote nimenakili hiyo nikabadilisha jina. Sasa nina orodha ya wilaya, ya miezi, ya vyuo ambavyo wanafunzi wanavileta, na ya vichwa vya barua vinavyoanza na "YAH:". Mkataba wa pango ambao ulikuwa unanichukua dakika 25 sasa unanichukua kama 9, na nyingi kati ya hizo ni kusubiri mwenye nyumba na mpangaji wakubaliane kodi.

Majina ya watu hayana njia ya mkato. Huyataja herufi kwa herufi, na Talon ina alfabeti yake ya maneno mafupi, karibu yote ya silabi moja: air ni A, bat ni B, cap ni C, drum ni D, na kuendelea. Wameepuka ile ya marubani, Alpha na Bravo, kwa kuwa maneno yake ni marefu, na mtu anayetaja herufi mia kwa siku hana pumzi ya kupoteza. Mwajuma kwangu ni made whale air jury urge made air. Ilinichukua kama siku kumi kuikariri, nikiisema jikoni nikipika. Shida yetu Waswahili ni ulimi kutaka kuweka irabu mwisho, bat ikawa bati, trap ikawa trapu. Inasikika, lakini taratibu. Unaweza kuzibadilisha ndani ya faili, na mimi nimebadilisha tatu. Quench na plex, yaani Q na X, sikujihangaisha nazo. Kiswahili hakizitumii na Kiingereza cha wateja wangu ni nadra kuzitaka.

Na pale ambapo maneno ni mapya kweli, kama sura ya pili ya ripoti ya mwanafunzi iliyoandikwa kwa mkono? Hapo naunganisha viwili. Nimetunga amri "andika sasa". Inabonyeza Ctrl, Shift na S, ambayo ndani ya Google Docs huwasha maiki ya kuandikia, kisha Talon inajilaza. Nasoma ule mwandiko kwa Kiswahili, Docs inaandika. Nikimaliza nasema neno la kuiamsha Talon, nayo inazima maiki ya Docs. Neno lile la kuamsha huingia pia kwenye maandishi, likiwa limeandikwa ovyo, kwa hiyo amri hiyo hiyo inafuta maneno mawili ya mwisho kabla sijaliona. Bando likiisha, njia hii imekufa mpaka niongeze. Na Kiswahili cha Docs hakiweki nukta wala mkato, naviweka baadaye kwa Talon. Si haraka kama vidole vyangu vya zamani. Ila jioni mkono wangu unashika sufuria.

Kasoro nyingine mzijue kabla. Maelekezo yote ni ya Kiingereza, na baraza la watumiaji wanaosaidiana nalo ni la Kiingereza. Asiyesoma lugha hiyo atategemea mtu. Wiki tatu za mwanzo utakuwa polepole kuliko kawaida, na mteja mwenye haraka hatakuelewa, kwa hiyo jifunze jioni au Jumapili. Koo nalo linachoka. Ukiongea saa sita utapata uchungu mwingine badala ya ule wa mkono, kwa hiyo mimi nachanganya: asubuhi mdomo, mchana msaidizi wangu anachapa, jioni mdomo tena, na chupa ya maji haitoki mezani. Mausi kwa sauti bado sijaipenda. Ipo amri ya "mouse grid" inayoligawa skrini vyumba tisa, unataja namba mpaka ufike unapotaka, lakini kwa kazi za kupanga picha au kadi za harusi narudi kwenye mausi ya kawaida, nimeihamishia mkono wa kushoto.

Wateja walikuwa wakinishangaa. Bibi mmoja aliyekuja kuandikiwa barua ya madai ya shamba alinisikiliza nikiongea peke yangu, akaniuliza, "Mwanangu, unaongea na nani?" Nikamgeuzia skrini, nikasema "husika barua", akaona mstari unajiandika wenyewe. Akaomba niirudie. Nikairudia mara tatu.

Nimeipa Talon nyota nne. Ya tano naiweka kwa siku itakayokuja na masikio ya Kiswahili. Voice Access naipa tatu, na kwa mwenye Windows 11 na kazi chache bado ndiyo ningemwelekeza aanze nayo.

Mafaili yangu ya amri yamefika kumi na moja: barua, viapo, mikataba, CV, wilaya, miezi na mengineyo. Mchapaji yeyote wa Morogoro anayeyataka aje na flashi, baada ya saa kumi jioni foleni ikipungua, nami nitakaa naye saa ile moja ya kusakinisha. Flashi tutaisafisha virusi kwanza. Na aje na hedfoni yenye maiki, siyo ya 15,000.